Dawa ya mwisho ya chupa iwe ndimu

Mheshimiwa Mhariri,

Salamu kutoka Ndosho. Katika toleo lenu lililopita, ukurasa wa afya uliwashauri akina mama wanaotengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na tangawisi, kinywaji cha tangawizi, nyumbani waoshe chupa kwa sabuni ya unga na javeli, ile dawa ya maji yenye klorini, kisha wasuuze kwa maji mengi. Nia ilikuwa njema, na nusu ya kwanza ya ushauri sina neno kubwa nayo, ila javeli nitairudia. Neno langu liko kwenye hayo maji mengi. Mwandishi wenu hakusema ni maji gani, na hapa Goma hilo ndilo swali lenyewe.

Nijitambulishe kidogo nisije nikaonekana mzee wa kuropoka. Nilifanya kazi Bukavu kwenye kiwanda cha bia, upande wa mashine ya kuosha chupa, mpaka nilipostaafu na kuhamia huku kwa watoto. Wapishi wa bia walivaa makoti meupe na kupokea wageni. Sisi tulivaa buti za mpira na kupokea chupa kutoka mitaani zikiwa na vipande vya sigara, mende, mafuta ya taa, na siku moja shanga za rozari. Chupa iliingia upande mmoja na uchafu wake wote, ikatoka upande wa pili tayari kujazwa. Watu hudhani kilichotusumbua pale ni uchafu. Uchafu uliondoka upesi sana. Kilichotusumbua ni kuiondoa dawa iliyouondoa.

Mashine ile hutumia soda kostiki, asilimia 2 hivi, ndani ya maji yenye joto la nyuzi 70 hadi 80. Hiyo inameza gundi ya lebo, mafuta, ukungu, chachu iliyokaukia chini, kila kitu. Kisha chupa hupita kwenye maji ya moto, ya vuguvugu, na mwisho ya baridi. Mwisho wa mstari alisimama mwenzetu na kichupa cha fenolftaleini, dawa isiyo na rangi. Alichukua chupa iliyosuuzwa na kudondosha tone moja kwenye maji kidogo yaliyobaki kitakoni. Maji yakibaki meupe, kazi inaendelea. Yakigeuka rangi ya waridi, soda bado imo, na mashine inasimamishwa hata kama malori yamepanga mstari mpaka barabarani. Mara nyingi chanzo kilikuwa kile kile: vitundu vya kurushia maji vimezibwa na ukoko mweupe, kwa hiyo maji hayaingii ndani ya chupa inavyopasa. Ukoko huo haukuondolewa na maji, haukuondolewa na sabuni, na soda ndiyo kwanza iliunenepesha. Uliondolewa na asidi.

Sasa tuje nyumbani. Mke wa mdogo wangu anatengeneza kasiksi ya harusi na matanga. Ndizi zake zinatoka kisiwani Idjwi kwa mtumbwi, anaziivisha, anazikamua kwa majani, anatia unga wa mtama uliokaangwa, na sisemi kwa sababu ni wa kwetu, lakini kasiksi yake watu wanaifuata. Chupa zake ni hizi za bia za sentilita 72 anazookota kwenye mabaa. Siku moja aliniita jikoni.

"Shemeji, hii chupa nimeiosha, nimeisuuza, nimeisuuza tena. Ikikauka inarudia kuwa na unga. Ni chupa mbaya ao ni mimi?"

Nikaishika juani. Ndani ya bega la chupa palikuwa na utando mweupe, mwembamba, wenye mistari ya matone yaliyoteremka. Nikapitisha kijiti, kikaacha alama.

"Si chupa, wala si wewe, mama. Ni ziwa."

Maji ya Kivu si maji ya mvua. Ziwa letu linalishwa pia na chemchemi zinazopita kwenye miamba ya volkano, na maji yake yamebeba bikabonati nyingi sana pamoja na magnesi, tena magnesi nyingi kuliko kalisi. pH yake, yaani kipimo cha asidi na soda ndani ya maji, iko karibu na 9, wakati maji yasiyoegemea upande wowote yana 7. Yachemshe kwenye birika kwa muda, utaona vumbi jeupe limetua chini. Hayo ndiyo maji tunayochota, tunayonunua kwa bidoni, yanayopita barabarani kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na ndiyo yanayotoka bombani siku bomba likitoa.

Ndani ya maji hayo tia sabuni ya unga, ambayo kwa kawaida ina kabonati ya sodiamu. Au tia ile poda ya oksijeni ambayo watoto walioko Ulaya huwatumia wazazi, inayosifiwa kwamba haina harufu wala haihitaji kusuguliwa. Poda hiyo ni perkabonati ya sodiamu. Ni dawa nzuri, sitaki mtu aseme nimeikataa. Ikiingia kwenye maji ya moto inagawanyika mara mbili: sehemu moja ni ile inayotoa oksijeni, inakula uchafu na kwenda zake hewani, sehemu ya pili ni kabonati ya sodiamu, na hiyo haiendi popote. Kwa uzito, kabonati ni karibu theluthi mbili ya poda yote. Inakutana na magnesi na kalisi ya ziwa, zinashikana, inatokea chokaa laini, na chokaa hiyo inatua kwenye kioo. Sabuni ya kipande, ile ya mawese, inakorofisha kwa namna yake: inashikana na madini hayo hayo na kutoa utando wa mafuta mafuta unaong'ang'ania kuliko chokaa.

Mama anaona utando, anachukua maji mengi mliyomshauri, anasuuza. Matone yanabaki ndani, yanakauka, yanaacha madini yao. Anasuuza tena. Amemaliza bidoni, amemaliza pesa, na chupa imeongezewa chokaa.

Kuna mabaki ya aina tatu, na kila moja lina dalili yake. Kidole kikiteleza ndani ya mdomo wa chupa kana kwamba kimepakwa uteute, hiyo ni soda, na utelezi wenyewe ni mafuta ya ngozi yako yanayogeuzwa sabuni papo hapo. Unga mweupe unaoonekana baada ya kukauka tu, na kupotea ukilowesha, ni chokaa. La tatu linajificha. Jaza maji, yamwage, tazama ukuta wa kioo: kwenye chupa safi maji yanateremka kama shuka moja, na kwenye chupa yenye sabuni au mafuta yanakatika katika vishanga. Chupa ya namna hiyo ndiyo inayoua povu. Mtu anamimina kasiksi, povu linapanda, linazimika kabla hajaweka chupa chini, naye anaanza kulaumu mtama. Mtama hauna kosa.

Je, mabaki haya yanadhuru? Tusitishane bure. Chokaa ile si sumu. Inachafua sura ya chupa na kuficha uchafu mwingine nyuma yake. Sabuni inaharibu ladha na povu, na ikizidi inavuruga tumbo. Kabonati inapunguza uchachu wa kinywaji, na uchachu huo ndio unaozuia vijidudu vingi visiote, kwa hiyo unaweza kuosha chupa kwa bidii na kuikaribisha hatari kwa mlango wa nyuma. Soda kostiki ni jambo jingine kabisa. Hiyo inachoma mdomo na koo. Najua wapo wanaoinunua Birere, mtaa wetu wa biashara, pale wanaponunua watengeneza sabuni, na kuitumia kulainisha chupa zenye gundi ngumu. Nyumbani sioni sababu yake. Ukibisha, basi vaa glavu, linda macho, mimina soda ndani ya maji polepole wala usimimine maji juu ya soda, na usiiweke kamwe kwenye sufuria ya aluminiamu, maana itaila huku ikitoa gesi inayoshika moto.

Sasa maji. Kwanza niwape hesabu tuliyofundishwa kiwandani, maana inaokoa pesa. Chupa ukiigeuza na kuikung'uta sawasawa inabaki na mililita kama 2 za maji. Ukitia humo mililita 100 hivi, glasi ndogo, ukatikisa kwa kuziba mdomo na kiganja, ukamwaga na kukung'uta, dawa iliyobaki imepungua mara 50. Rudia hivyo mara ya pili, imepungua mara 50 juu ya zile 50, yaani mara 2,500. Umetumia mililita 200. Jirani yako aliyejaza chupa nzima ya sentilita 72 mpaka mdomoni na kumwaga mara moja amepunguza mara 360 tu. Kwa chupa 12 wewe umetumia lita 2 na nusu, yeye karibu lita 9, na chupa yake ina dawa mara saba kuliko yako. Maji kidogo, mara mbili, na kukung'uta kwa nguvu kila mara. Siri yote iko kwenye kukung'uta. Nimeona watu wanageuza chupa kwa sekunde moja, maji yanagugumia, nusu yake inabaki ndani, wanasema wamesuuza.

Hesabu hiyo inafaa kwa kitu kinachoyeyuka: soda, sabuni, javeli. Chokaa iliyokwisha kushika kioo haiijali. Hapo ndipo asidi ya kiwandani inapogeuka kuwa ndimu ya sokoni. Kamua ndimu tatu katika lita moja ya maji ya vuguvugu, chuja nyama na mbegu zisibaki ndani, zungusha maji hayo kwenye chupa na uyaache dakika 10 hadi 15. Utaona vipovu vidogo vikipanda mahali palipo na unga. Ni kabonati inayeyuka na kutoa hewa. Maji hayo hayo yahamishie chupa inayofuata, na inayofuata, mpaka yapoteze ukali wake ulimini. Asiye na ndimu atumie siki, kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya maji, au unga wa asidi sitriki wa kutengenezea maji ya matunda, vijiko viwili vya chai kwa lita. Utando wa sabuni ya mawese unahitaji maji yenyewe yawe ya moto zaidi na burashi ya chupa ipite. Ndimu baridi haitautikisa.

Baada ya ndimu, suuza mara moja kwa maji kidogo yaliyochemshwa, yaliyotulia, yaliyomiminwa taratibu ile chokaa ya chini isifuate. Kisha geuza chupa papo hapo, mdomo chini, juu ya waya au kichanja, isikauke ikiwa imesimama. Chokaa huachwa na tone linalokauka. Tone likishaanguka halina cha kuacha. Na kama chembe ya ndimu imebaki, imebaki tu, kasiksi yenyewe ina uchachu na tangawisi wengi wanaitia ndimu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba asidi iwe dawa ya mwisho. Kila dawa huacha kitu nyuma yake, basi cha mwisho kiwe chakula.

Anayetaka kuhakikisha anaweza kuwa na fenolftaleini yake mwenyewe. Chemsha maua makavu machache ya bisapu, yale mekundu ya kutengenezea juisi, katika maji ya mvua, acha yapoe. Rangi ile nyekundu inageuka zambarau, kisha buluu ya kijanikijani, kadiri inavyokutana na soda. Lakini hapa Goma kuna mtego: maji ya ziwa peke yake, hayajaona sabuni hata siku moja, yataibadili rangi. Hata fenolftaleini ya kiwandani ingeona haya waridi kidogo kwenye maji ya ziwa. Kwa hiyo chukua vikombe viwili vyeupe. Kimoja tia kijiko cha maji safi uliyotaka kusuuzia, kingine kijiko cha maji yaliyotoka kusuuza chupa kabla ya ndimu. Tia bisapu kiasi sawa kote kuwili. Rangi zikilingana, dawa imetoka. Cha pili kikiwa kijani zaidi, rudi ukasuuze. Shemeji aliufanya mchezo huu mbele ya wateja wake na sasa wanauomba kila mara kama sinema.

Juu ya javeli nina maneno zaidi, mniwie radhi.

Najua kwa nini mji huu unapenda harufu yake. Waliokuwepo hapa Julai 1994 wanakumbuka kipindupindu kilichoua watu makumi ya maelfu kwenye kambi za wakimbizi. Waliozaliwa baadaye wanakumbuka Ebola ya 2018 hadi 2020, ilipofika Goma kwenyewe Julai 2019, na kila mlango, wa kanisa, wa duka, wa mpaka, ukawa na ndoo yenye robine na maji ya klorini: asilimia 0.05 ya mikono, asilimia 0.5 ya kufutia vitu. Tulinusa klorini tukajua tuko salama. Simcheki mtu anayeona chupa isiyonuka javeli kuwa haijaoshwa.

Ila chupa si mlango. Klorini ikibaki ndani, hata kidogo usichoweza kukinusa, inashikana na vitu vinavyoitwa fenoli. Mtama umejaa vitu vya jamii hiyo, ndizi zilizoivishwa kwa moshi zimevipata kwenye moshi, na chachu nayo inatengeneza vyake. Zao la ndoa hiyo ni klorofenoli, na ulimi wa mtu unaitambua hata ikiwa gramu chache katika tani elfu moja za kinywaji. Ladha yake ni ya dispensari: bendeji, plasta, koridoo lililopigwa deki. Ikishatokea haitoki, huichemshi, huifuniki kwa tangawizi. Mtu akiniambia kasiksi ya fulani ina ladha ya hospitali, simuulizi juu ya ndizi, namuuliza anasafishia nini.

Anayeitumia, na wapo wenye sababu, aitumie kwenye chupa iliyokwisha kuoshwa, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwa vijidudu. Javeli ya kawaida isiyo na manukato, kijiko kimoja cha mezani katika lita 4 za maji baridi, dakika 15 hadi 20, kisha ile suuza ya maji kidogo mara mbili au tatu kwa maji yaliyochemshwa. Harufu ikikataa kutoka baada ya hapo, saga kidonge cha vitamini C cha famasia ndani ya lita moja ya maji na upitishe. Vitamini hiyo inaizima klorini. Javeli isiwekwe kwenye vyombo vya inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, ikakaa usiku kucha, maana inavitoboa vitundu vidogo ambavyo hakuna burashi itakayovifikia.

Na hapa naomba Mhariri aweke herufi nene kama anazo: JAVELI NA NDIMU ZISIKUTANE. Wala javeli na siki. Zikikutana inatoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua askari kwenye mahandaki ya Ulaya mwaka 1915. Jikoni zetu nyingi ni chumba kimoja chenye dirisha dogo. Kwa kuwa mimi ndiye ninayewaambia mtumie ndimu, sitaki kesho nisikie mtu ameimimina kwenye beseni la javeli ili kazi iende haraka. Chagua njia moja kwa siku hiyo. Kwangu mimi, njia ya ndimu ikifuatiwa na moto inatosha: panga chupa kwenye sufuria kubwa juu ya kitambaa, zijaze maji baridi yenye ndimu kidogo, washa moto, zichemke dakika 10. Anza na maji baridi, zisije zikapasuka. Hiyo ndimu ndani ya maji ya kuchemshia si urembo. Bila hiyo maji ya ziwa yakichemka yatakurudishia chokaa uliyotoka kuiondoa.

Vyombo vingine nitavipitia mbio. Bidoni na ndoo za plastiki zinakunywa manukato. Sabuni ya unga yenye harufu ya maua utaionja mwezi mzima, kwa hiyo za plastiki zioshwe kwa kitu kisichonuka, kitambaa laini, bila mchanga wala chuma cha kusugulia, kwa sababu kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu. Robine ya ndoo ifunguliwe vipande vyote: kwenye nyuzi za kukazia ndiko soda inakojificha, na ndiko tone la kwanza la kinywaji linakopitia. Mpira wa kunyonyea kinywaji kutoka kwenye ndoo ukikataa kuacha harufu, tupa. Kibuyu, chungu na kihori cha mbao visionje sabuni wala javeli maisha yao yote, vinainywa na kuirudisha polepole; maji ya moto na jua vinatosha. Majivu waliyotumia mama zetu ni soda pia, ya potasiamu, kwa hiyo aliyesugua kwa majivu naye amalizie na ndimu.

Na mvua? Mtu ataniuliza, mzee, si tutumie maji ya mvua, hayana chokaa. Kweli hayana. Kwa kusuuzia yanashinda ya ziwa kwa mbali, na kwa kuchemshia bisapu ya kipimo ndiyo pekee yanayofaa. Lakini mvua ya kwetu inapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo, na siku moshi umeinamia mji maji ya mabati yanakuja na uchachu na floridi, ile inayochafua meno ya watoto katika vijiji vinavyokaa chini ya moshi. Yaache ya mwanzo yaoshe bati, kinga yanayofuata, chemsha kwa ajili ya vijidudu, suuzia. Kuyafanya ya kunywa kila siku ni mjadala mwingine ambao ukurasa wenu wa afya ungeufungua ningeusoma kwa hamu.

La mwisho ni ombi kwa wauzaji, na ninyi mnasomwa Birere kuliko mimi ninavyosikilizwa. Asidi sitriki ni unga mweupe. Bikabonati ni unga mweupe. Kabonati ni unga mweupe. Soda kostiki, ikisagika, ni nyeupe. Zote zinafungwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki vilivyofungwa fundo, bila jina, kwenye meza moja, na mama anayeomba ya kuondolea chokaa anapewa ile ya kuiongeza, au mbaya kuliko hiyo. Mnunuzi anaweza kujikinga kiasi: unga ukitoa povu kwa tone la ndimu ni bikabonati au kabonati, usipotoa kwa ndimu lakini ukatoa kwa bikabonati iliyoloweshwa ni asidi, na vipande au vidonge vyeupe vinavyolowa vyenyewe vikikaa hewani, vinavyopasha maji joto vikitiwa ndani, hivyo ni kostiki, usivishike kwa mkono mtupu na usivionje. Lakini mtu asilazimike kuwa na maabara kwa ajili ya kifuko cha faranga chache. Muuzaji anajua alichofungua kwenye gunia. Akate kipande cha karatasi, aandike jina kwa kalamu, akitie ndani ya kifuko kabla ya kufunga fundo, na cha kostiki akiweke meza yake peke yake.

Mwosha chupa mstaafu,
Ndosho, Goma